Mngurumo Haubebi Vitunguu

Wasee, leo tuongee kuhusu ule mngurumo. Mnaujua. Gari imesimama, dereva hajagusa mafuta, na injini inaruka tu, gub-gub... gub... gub-gub, mpaka kioo cha pembeni kinatetemeka. Kila nikiposti kitu kuhusu pikapu yetu, nusu ya komenti ni mtu ananiuliza itaanza kunguruma hivyo lini.

Haitanguruma. Na nataka niwaambie kwa nini, kwa sababu kuna watu humu wananiandikia kwamba tayari wanaweka pesa ya kununua kamshafti kubwa, na hakuna mtu amewaeleza wananunua nini.

Kwanza mjue pikapu yenyewe. Ni Hilux ya namba za KAB, na si yangu, ni ya anko, mdogo wake marehemu baba. Ilikuwa na 2Y, ile injini ya lita 1.8, na ilikuwa imechoka mpaka inakunywa oili kama chai ya maziwa. Anko hutoa vitunguu Naivasha, anapita Mai Mahiu, anapanda Escarpment, anashusha mzigo Marikiti. Mara tatu kwa wiki. Hizo safari ndizo karo ya binamu zangu wawili, na mmoja yuko Form Four. Tulipokubaliana kung'oa 2Y tuweke 22R ya lita 2.4, mimi nikatoa nusu ya pesa kutoka kwa hizi video, yeye akatoa nusu. Alikuwa na sharti moja tu: "Kijana, cheza na kamera yako vile unataka. Lakini Jumatatu saa tisa usiku hii gari iwe barabarani."

Injini tulinunua pamoja na giaboksi yake. Ile giaboksi ya 2Y haikai kwa 22R, usidanganywe na mtu wa kukuuzia injini peke yake. Fundi akafungua kifuniko cha valvu na tukaona nundu moja ya upande wa ekzosi imelika, imekuwa bapa kama kidole kilichobanwa na mlango. Kwa hivyo kamshafti ilikuwa lazima. Swali likawa ni ipi.

Kwa wale hawajawahi kuona ndani ya injini: kamshafti ni chuma kirefu chenye nundu. Nundu ikizunguka inasukuma valvu ifunguke, ikipita valvu inajifunga kwa springi. Kwenye 2Y hicho chuma kiko chini ndani ya bloku na kinasukuma kwa vijiti virefu. Kwenye 22R kiko juu kichwani, kinazungushwa na cheni, na kinazunguka mara moja kila krankshafti ikizunguka mara mbili. Umbo la nundu ndilo linaamua mambo mawili makubwa, valvu inafunguka kiasi gani na inakaa wazi muda gani. Huo muda unapimwa kwa digrii. Ndio, mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo hizi ndizo digrii nilizo nazo. Chekeni mmalize tuendelee.

Sasa, kuna muuzaji wa vipuri vya magari ya mbio ambaye aliona video zangu akanipigia. Alikuwa na kamshafti kali ya 22R, inakaa wazi zaidi ya digrii 30 kupita ile ya kiwandani, na springi ngumu za kuendana nayo. Bure. Mimi nimtolee video moja tu ya ule mngurumo. Wasee, sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Hiyo video ingetembea. Na pesa ambayo ningeokoa ilikuwa ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Nililala na hilo swali siku nne. Halafu nikafanya kitu cha kizamani, nikapanda pikapu na anko safari mbili, ikiwa bado na 2Y, nimefunga mita ya mizunguko kwenye dashibodi na simu inarekodi. Nikirudi nyumbani nikaitazama yote. Injini ya anko inaishi kati ya mizunguko 1,500 na 3,000 kwa dakika. Kupita 3,500 ni mara chache sana, na kila mara anasonya.

Hapo ndipo ile kamshafti ya bure ilianza kuniingia akilini vizuri. Nundu ndefu huchelewesha kufunga valvu ya kuingiza. Pistoni inaanza kupanda kukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na mlango bado uko wazi, kwa hivyo sehemu ya ule mchanganyiko inarudishwa nje ilikotoka. Injini ikizunguka haraka sana, hewa ina kasi na inaendelea kuingia hata pistoni ikipanda, na hapo unapata nguvu kweli, hiyo si uongo. Lakini chini, pale anko anaishi, unaipoteza. Na ule mngurumo mnaoupenda? Kuna muda mfupi ambapo valvu ya ekzosi haijafunga na ya kuingiza imeshafunguka. Kwa nundu kubwa muda huo ni mrefu, moshi unarudi kuchanganyika na petroli mpya, silinda moja inawaka vizuri, ingine inakosa. Mnasikia simba. Mimi siku hizi nasikia mtu anakohoa.

Ongeza na mahali tunapoishi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Limuru imepita 2,000. Huku juu hewa ni nyepesi, tumeshapoteza karibu sehemu moja kwa sita ya ile ambayo injini ingevuta ikiwa Mombasa. 22R ina mkandamizo wa karibu 9 kwa 1 kwenye karatasi, lakini huwezi kukandamiza hewa ambayo haipo. Sasa wewe unataka kuichukua hiyo kidogo iliyobaki uirudishe nje kwa mlango ulioachwa wazi?

Najua mtaniambia Wamarekani wanafanya kila siku. Nawatazama pia, kila usiku. Lakini yule jamaa anaweka kamshafti kubwa kwenye V8 ya lita 5.3. Akipoteza kiasi pale chini bado amebaki na nguvu kuliko sisi tukiwa na yote. Sisi tuna silinda nne na karibu tani moja ya vitunguu nyuma.

Kilichonimaliza kabisa ni breki. Busta ya breki ya hii Hilux hutumia mvuto wa hewa kutoka kwa injini. Kamshafti yenye muda mrefu hupunguza huo mvuto injini ikiwa haijakanyagwa mafuta. Ukishuka mlima ukiwa ndani ya gia, injini inazunguka haraka na mvuto upo wa kutosha, hapo sina wasiwasi sana. Shida ni foleni. Fikiria foleni ya kuteremka Waiyaki Way, umekanyaga klachi, injini inakohoa chini, unagusa breki, unaachilia, unagusa, unaachilia, na mzigo unakusukuma. Baada ya mara kadhaa pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mbele yako kuna mtu wa boda na mteja wake. Nilimwambia muuzaji hivyo, akaniambia nipandishe mizunguko ya injini ikisimama. Yaani nichome petroli zaidi nikiwa nimesimama, na EPRA wakitangaza bei kila tarehe 14 vile mnajua. Nikamshukuru nikakata simu.

Tulibaki na njia tatu. Kutafuta kamshafti iliyotumika kutoka injini ingine, ambapo unanunua uchakavu wa mtu mwingine. Kupeleka yetu kusagwa upya, kitu ambacho mafundi wa Nairobi wanafanya, lakini ukisaga unaondoa chuma, na nundu yetu ilikuwa imelika sana. Ama kununua mpya yenye umbo la kiwandani. Tukachukua mpya, na roka mpya. Hapo kwa roka msibane pesa. Kwenye 22R roka inateleza moja kwa moja juu ya nundu, na ukiweka kamshafti mpya chini ya roka iliyochakaa, hiyo roka itaikula. Tukabadilisha pia cheni, na vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza. Hivyo vikivunjika cheni inachubua kifuniko cha mbele mpaka inatoboa njia ya maji, na ukija kushtuka oili yako imeshakuwa na maji ndani.

Siku ya kuwasha ilikuwa usiku, kwa sababu ya ile Jumatatu. Kamshafti mpya ya aina hii hairuhusiwi kuachwa ikipumua polepole mara ya kwanza. Tuliipaka grisi yake maalum, tukaweka oili yenye zinki, ikawaka, tukaishikilia karibu mizunguko 2,000 kwa dakika 20 bila kuachilia, ili nundu na roka zizoeane. Jirani mmoja alitoka na rungu. Fundi akamwambia kwa upole, "Mzee, dakika kumi na moja zimebaki." Akasimama nasi mpaka mwisho, akauliza ni injini gani.

Sasa iko vipi? Injini ikisimama haisikiki sana. Ukipita mizunguko 4,500 haina kitu cha kukupa, na kuovateki trela inabidi upange mapema. Lakini pale Escarpment ambapo 2Y ilikuwa inaomba gia ya pili na msamaha, anko anapanda na ya tatu, mzigo ukiwa umejaa. Aliniambia hilo kwa simu, bila salamu, kelele za Marikiti nyuma yake.

Video ya hiyo kamshafti ndiyo iliyopata laiki chache kuliko zote mwaka huu. Mmoja ameandika, "Bro umeweka moyo wa nyanya." Sawa. Kama pikapu yako ni ya Jumapili, haina mzigo, na unajua utaizungusha mpaka juu, wewe weka kubwa, na uniite nije nirekodi, sina chuki. Ila ukienda kununua, usianze na jina la kampuni. Mwambie muuzaji uzito unaobeba, mizunguko unayoishi ndani yake, uko juu kiasi gani kutoka baharini, na kama breki zako zinatumia mvuto wa injini. Akikujibu kwa kukuchezea video ya mngurumo, toka hapo.

Yetu imebaki na safari ya NTSA, gari ikaguliwe na namba mpya ya injini iingie kwenye logbuku. Na Jumamosi hii tunakaza valvu tena injini ikiwa moto, milimita 0.20 za kuingiza, 0.30 za ekzosi. Anko ameshasema anataka funguo kabla ya giza.