Anayeisema vibaya hisa yako

Huku Canada, mwenye hisa chache za kampuni ya madini humchukia anayeiponda kampuni hiyo kuliko anavyolichukia deni lake. Humwita mhujumu: ati anataka bei ishuke anunue kwa bei ya kutupwa. Lakini anayenong'ona kwamba tajiri mkubwa yuko njiani kuinunua hakuna anayemwuliza ushahidi. Nadhani huyu wa pili ndiye wa kuhojiwa kwanza, na kisa chenyewe ni cha Kivu Kusini kwetu.

Banro, iliyochimba dhahabu Twangiza kule Luhwindja, hisa zake ziliuzwa Toronto na New York. Mwaka 2012 ilikopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10, zilipwe 2017. Mkopo huo haukuwa uvumi, uliandikwa katika taarifa zake. Aliyesema "hawa hawataweza kulipa" angepimwa kwa hesabu: dhahabu kiasi gani imetoka, imeuzwa vipi, kimebaki nini. Tumaini la kununuliwa halipimiki hivyo, maana hutegemea mtu ambaye bado hajabisha hodi. Na alipobisha? Desemba 2017 kampuni iliomba mahakama ya Ontario iikinge na wadai. Mwaka 2018 wakopeshaji wakubwa, Baiyin ya China na Gramercy ya Marekani, wakaichukua, na hisa za zamani zikafutwa bila malipo. Kampuni ikishalemewa na madeni, anayeitaka huongea na mdai; hapa mdai ndiye aliyeitwaa.

Utasema wapo wanaoponda kwa kulipwa. Wapo, tena wengi. Ila nia yao haisogezi tarehe ya deni hata siku moja, na mwongo huumbuliwa na taarifa ileile.

Kwetu Ibanda, mjini Bukavu, shida ni nyingine. Kongo haina soko la hisa, kwa hiyo pale Nyawera habari za mgodi ni kazi na malipo ya wanaouuzia bidhaa. Radio trottoir, yaani uvumi wa mitaani, ikitangaza kwamba mgodi unauzwa, mfanyabiashara hana pa kuhakikisha. Amri ya Mei 2011 iliagiza mikataba ya madini itangazwe, hatua nzuri. Lakini mkataba hueleza kilichoahidiwa, si kama pesa ipo mwezi ujao. Taarifa za Banro zilikuwa wazi kwenye intaneti, hata Bukavu, ingawa kwa lugha ya wahasibu. Muuzaji wa mafuta ambaye angesomewa za 2016 angedai alipwe kabla ya kushusha pipa.