Mzigo wa Msafiri

Mtu akitaja utamaduni wa Usukuma, aghalabu hutaja ngoma, nyoka na ng'ombe. Si kosa kuvitaja, kwani ndivyo vinavyoonekana kwanza. Lakini liko jambo moja ambalo huvifunga vyote hivyo pamoja, nalo hutajwa kwa nadra: safari. Mchungaji hufuata malisho, mcheza nyoka hufuata nyoka na dawa, na mchezaji wa ngoma hufuata uwanja wa mashindano hata ukiwa mwendo wa siku mbili. Tangu zamani watu wa nchi hii, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na fukwe za ziwa, wamekuwa watu wa kwenda. Katika makala haya twataka kutazama jambo dogo tu la safari hizo, yaani mzigo. Twaamini kwamba ukijua msafiri amebeba nini na ameacha nini nyumbani, umekwisha kujua mengi kuhusu utu wake na jamii iliyomlea.

Katika karne ya 19 Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walijulikana kote katika njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Bagamoyo, njia yenye zaidi ya kilometa 800. Mpagazi alitwaa begani mzigo wa tajiri, pembe za ndovu wakati wa kwenda, majora ya nguo na shanga wakati wa kurudi. Uzito wake ulikuwa kadiri ya frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi. Lakini mali yake mwenyewe ilikuwa haba: mkeka wa kulalia, chungu, kibuyu cha maji na akiba kidogo ya chakula. Wanawake nao walikuwamo katika misafara hiyo, wakibeba vyombo na nafaka, wakipika kila kambi ilipopigwa. Wako wanaosema kwamba jina Bagamoyo lilitokana na maneno ya wapagazi hao, bwaga moyo, kwa kuwa hapo ndipo mzigo ulipotuliwa na moyo ukapumzika. Wengine hulieleza jina hilo kwa namna nyingine, ya huzuni zaidi. Hata hivyo, maelezo yote mawili yanakubaliana kwamba mzigo mzito kuliko wote ni ule wa moyoni.

Walikuwapo pia waliokwenda Ziwa Eyasi kuchota chumvi. Njia ile ilipita katika pori lenye simba na kiu, na kijana aliyekwenda na kurudi salama alihesabiwa kuwa mtu mzima. Chakula cha safari kama hizo kilikuwa kimefikiriwa vema. Viazi vitamu vilichemshwa, vikakatwa vipande, kisha vikaanikwa juani hadi vikakauka. Haya ndiyo matobolwa. Vile vinavyoanikwa vibichi huitwa michembe, navyo huhitaji sufuria na moto kabla ya kuliwa. Matobolwa hayahitaji kitu. Msafiri huyatafuna njiani pamoja na karanga, akanywa maji, akaendelea na mwendo. Mama aliyetangulia kuvumbua chakula hiki, ambaye hatumjui jina, alikuwa amekwisha kufumbua fumbo la mzigo mwepesi kabla ya begi lolote kushonwa kiwandani.

Baada ya mabega ilikuja baiskeli. Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga, nayo ilirahisisha biashara ya pamba. Wakulima walipopata fedha za pamba, wengi wao hawakukawia kununua baiskeli. Mapenzi ya Msukuma kwa baiskeli hayahitaji ushahidi wetu; mgeni aliyefika Shinyanga amejionea mwenyewe jinsi ilivyopambwa, ilivyobeba magunia, na jinsi ilivyochukua abiria hadi ikaitwa daladala. Kisha ikaja pikipiki, chombo kilichopewa jina kwa sauti yake. Kwanza ilikuwa ya bwana shamba, ya padre na ya mganga wa zahanati. Leo ni ya kila kijana aliyeweza kuuza ng'ombe wawili watatu au kuingia mkataba na mwenye chombo.

Nasi twakipenda chombo hiki. Kiangazi kimoja tulitoka Shinyanga mjini, watu wawili juu ya pikipiki moja ya injini ndogo, tukapita Tinde na Isaka hadi Kahama, kisha tukashika njia ya Kakola kuelekea Geita. Tulichagua kiangazi kwa sababu wakati wa mvua udongo mweusi wa mbugani hunata katika gurudumu, ukajaa ndani ya madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka, na msafiri akalazimika kuubandua kwa kijiti kila baada ya hatua chache. Mzigo wetu wote ulifungwa kwa mpira nyuma ya kiti: shuka mbili, nguo ya kubadili, spana tatu, plagi moja ya akiba, pampu, viraka na gundi yake, dumu la maji la lita 5, na mfuko wa matobolwa. Katika kupanga mzigo huo tuligundua kwamba kila kitu tulichotaka kukiongeza kilitokana na hofu fulani. Sufuria ilikuwa hofu ya njaa, blanketi la pili hofu ya baridi, na tairi la akiba hofu ya pori. Tulipoziondoa hofu hizo moja moja, kilichobaki kikatutosha.

Jioni ya siku ya kwanza, tukiwa bado mbali na Kakola, tairi la nyuma lilitoboka. Tulipomaliza kuziba pancha giza lilikuwa limeingia, tukaisukuma pikipiki hadi mji wa mzee mmoja. Tulimwamkia, "Mwadila, baba," naye akaitika na kutuuliza tutokako na tuendako, kama desturi ilivyo. Kisha akautazama mzigo wetu kwa taa yake.

"Wanangu, huu ndio mzigo wenu wote?"

"Ndio, baba."

"Basi mnajua kwamba huko mwendako kuna watu."

Tulipewa ugali na mlenda, tukapewa na pa kulala. Maneno ya mzee yule yalitufundisha jambo ambalo vitabu vya safari hulisahau. Mwingereza Ted Simon alianza mwaka 1973 kuizunguka dunia kwa pikipiki ya Triumph, safari iliyochukua miaka 4 na iliyompitisha katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Wako wengi waliofuata nyayo zake, nao husifu sana wepesi wa mzigo kana kwamba ni werevu wa msafiri peke yake. Lakini mzigo wa mgeni huwa mwepesi kwa sababu ziko nyumba njiani ambazo zimekubali kubeba sehemu yake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpagazi aliacha blanketi nyumbani kwa kuwa alitegemea moto wa wenzake kambini. Palipo na uadui kati ya mji na mji, kila mtu huenda na silaha, chakula na godoro lake, na hapo safari huwa nzito.

Baada ya kusema juu ya mzigo, hatuna budi kusema juu ya kinachomtoa mtu nyumbani. Wahenga wamenena kwamba kipendacho moyo ni dawa. Wasukuma waliliamini neno hili, lakini waliliwekea majira. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yao husimuliwa kuwa ni waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno, nafaka ikiwa imekwisha kuingia ghalani. Wakati huo mcheza ngoma huwa huru kwenda atakako. Sikukuu ya bulabo, ambayo katika kituo cha Bujora, Kisesa, imeambatana na sikukuu ya Ekaristi, huangukia mwezi Juni au karibu yake. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliyeanza kazi yake Bujora katika miaka ya 1950 na kuanzisha makumbusho ya Wasukuma, aliona kwamba watu hawa hawatautupa uwanja wao, akaukaribisha kanisani. Hata bugobogobo, ngoma ya majembe, ni ushahidi wa jambo hilo hilo: kipendwacho na moyo kilizaliwa ndani ya kazi yenyewe, hakikuwa adui wa kazi.

Katika mji mmoja wa Geita tulionana na kijana wa Bagalu ambaye siku zote hubeba abiria kwa pikipiki. Kila mwaka msimu wa ngoma ukifika huwaaga wateja wake, hufunga njuga zake katika kitambaa, huelekea Kisesa. Tulimwuliza kama hasara ya siku hizo haimwumi. Alijibu kwamba mwezi mmoja kabla ya safari huongeza saa za kazi na kumwachia mkewe fedha ya chakula, asipoipata, haendi. Kwa maneno hayo machache alitueleza desturi nzima ya wazee wake.

Lakini ukanda wa dhahabu una safari za namna nyingine. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Wajerumani mwaka 1898, ikachimbwa kwa kampuni tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na mgodi mkubwa uliopo sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kusini na mashariki yako mengine ya namna hiyo: huko Mwadui, mwanajiolojia wa Kanada John Williamson alihangaika miaka mingi kwa fedha haba kabla ya kukipata chimbuko la almasi mwaka 1940. Mbali na kampuni hizo wako wachimbaji wadogo, ambao ni wengi sana. Habari ikivuma kwamba mahali fulani pameonekana mwamba mzuri, mamia ya pikipiki huondoka usiku huo huo. Mtu huenda na sululu, tochi na nguo aliyovaa. Baada ya majuma machache pori limekuwa mji wa maturubai, wenye maduara, makarasha, mialo ya kuoshea, wauza chai na wauza zebaki. Dhahabu ikikatika, mji huhama.

Je, huyu naye si msafiri wa mzigo mwepesi? Je, hafuati kipendacho moyo? Tumejiuliza swali hili kwa uchungu, kwa kuwa katika ukoo wetu yumo ndugu aliyeondoka kwa pikipiki kwenda machimboni mara tu baada ya kupalilia. Alikwenda na mfuko mmoja mdogo, na watu wakamsifu kwa ujasiri. Pamba yake ilivunwa na mkewe akiwa mjamzito, akisaidiwa na mashemeji. Ada ya shule ya watoto ililipwa na mama yake mzee kwa kuuza mbuzi. Alirudi baada ya miaka mitatu, akiwa na mfuko ule ule. Hatumlaumu kwa kukosa dhahabu, maana dhahabu haina mwenyewe. Hatumlaumu hata kwa kuipenda, maana anaposimulia jinsi mwamba unavyong'aa chini ya taa ndani ya duara, macho yake husema kweli. Lakini tulipoutazama ule mfuko mdogo tulielewa kwamba mzigo usioonekana begani mwa msafiri haukutoweka. Uko begani mwa mtu mwingine.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti. Mwenyeji aliyetupokea njiani aliubeba mzigo wetu kwa hiari, kwa usiku mmoja, naye alijua kwamba mwanawe atapokelewa hivyo hivyo kwingineko. Mke wa ndugu yetu aliubeba bila kuulizwa, miaka mitatu, wala hakuna aliyempokea. Wepesi wa kwanza ni ujamaa. Wa pili ni deni. Mtu aweza kwenda mbali sana kwa huo wa pili, tena kwa furaha, lakini siku ya kurudi atalikuta deni limekaa mlangoni.

Wako wazee wanaotaka vijana wakatazwe pikipiki na machimbo, wakae mashambani. Sisi hatuafiki. Jamii iliyowatuma watoto wake Bagamoyo na Eyasi haiwezi leo kuwafunga kamba miguuni. Isitoshe, daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa mwaka 2025. Mahali ambapo wasafiri walingoja kivuko, sasa pikipiki hupita kwa dakika chache. Njia zimefunguka, na vijana watakwenda. Lililo wajibu wetu ni kuwarithisha, pamoja na njia, ile kanuni ya wazee ambayo haikuandikwa popote: jaza ghala kwanza, aga wenyeji wako, taja majira ya kurudi, kisha nenda na kidogo. Mkataba wa pikipiki huzungumzwa mbele ya mashahidi. Safari ya mume nayo yastahili kuzungumzwa nyumbani, na mke awe na neno katika mazungumzo hayo, si kupewa habari tu.

Na mama akimfungia msafiri matobolwa, afahamu msafiri huyo kwamba hakupewa chakula peke yake. Viazi vile vililimwa na mtu, vikachemshwa na mtu, vikalindwa na kuku na mvua siku kadhaa juani, ili yeye aende mwepesi.