Fyuzi haikukosa: somo la motari mmoja wa Bulengo

Mwezi wa pili mwaka 2024, mapigano yalipokaribia Sake, motari mmoja alipakia mke wake, watoto wawili na godoro kwenye pikipiki, akashika barabara ya Goma. Nyumba ilibaki, mbuzi walibaki, shamba la maharagwe lilibaki. Walipofika katika kambi ya wahami ya Bulengo, magharibi ya mji, pikipiki ndiyo iliyokuwa mali yote ya jamaa. Ndiyo iliyoleta unga, ndiyo iliyonunua sabuni.

Kwa hiyo siku ile pikipiki ilipozimika ghafla pale Ndosho, akiwa na abiria mgongoni, aliingiwa na hofu. Injini kimya, honi kimya, taa za kugeuka hazikuwaka. Abiria alishuka, akapanda ya mwingine. Yeye akasukuma hadi kwenye kituo cha motari. Wenzake walifungua kiti, wakakuta fyuzi imeungua. Akanunua nyingine ya ampere 10 na injini ikawaka. Kesho yake ikaungua tena. Siku ya tatu, vilevile. Fyuzi si kitu cha bei kubwa, lakini kwa mtu anayepima unga kwa kikombe, kila franka ina kazi yake.

Ndipo rafiki mmoja akachukua karatasi ile inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyoungua na kuirudisha mahali pake. "Hii haiungui tena, kaka," alisema. Na kweli haikuungua. Siku nne pikipiki ilifanya kazi bila kusimama, motari akamshukuru rafiki yake.

Usiku wa siku ya tano, jirani wa kambini alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mume wake alikuja kugonga hema. Motari hakuuliza pesa. Alimpandisha yule mama nyuma, akaondoka polepole juu ya mawe ya volkano, mume akifuata kwa miguu na tochi ya simu. Hawakufika nusu ya njia. Kwanza ilikuja harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi ukatoka chini ya tangi la mafuta, katikati ya magoti yake. Alimshusha mama, akang'oa kiti, akauvuta waya wa batri kwa mkono. Vidole viliungua, lakini moshi ulipungua, ukaisha.

Njia iliyobaki mama aliitembea kwa miguu, ameshikwa na mume wake, akisimama kila uchungu ulipomrudia. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, yeye na mama yake wazima. Hakuna aliyemlaumu motari. Ila yeye mwenyewe hakulala. Alikuwa akilifikiria lile tangi lenye mafuta, na nani alikuwa amekaa nyuma yake.

Asubuhi aliisukuma pikipiki kwa fundi mmoja mzee, muhami wa kutoka Rutshuru, anayefanya kazi chini ya turubai kando ya barabara. Mzee hakugusa kitu kwanza. Aliuliza tu:

"Siku ya kwanza ilizimika ukifanya nini, mwanangu?"

"Nilikuwa nakata kona, mzee. Kushoto."

"Na siku ya pili?"

Motari alifikiri. "Kona pia."

Mzee akageuza usukani kushoto, kulia, kushoto tena. Akaonyesha kwa kidole pale shingoni, ambapo nyaya zote zinapita kwenda kwenye taa ya mbele na swichi. Waya mmoja ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ngozi yake ikaisha. Barabara za mawe zinatikisa kila kitu, na kila usukani ulipogeuka kushoto, shaba iligusa chuma. Umeme ulipata njia ya mkato kurudi kwenye batri, ukapita mwingi kuliko kiasi, na fyuzi ikakatika.

"Fyuzi haikukosa," mzee alimwambia. "Imewekwa iungue yenyewe ili waya usiungue. Ilikuambia mara tatu. Mara ya nne uliiziba mdomo."

Ile karatasi ya sigara haikatiki kama fyuzi. Umeme uliendelea kupita, na kilichokuwa dhaifu kikawa ni nyaya zenyewe chini ya tangi. Nyingine zilikuwa zimeyeyuka na kushikana. Mzee alizikata moja moja, akaunga mpya, akafunga kila kiungo peke yake kwa skochi. Pale shingoni alivisha nyaya kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akaziacha zilegee kidogo ili usukani ugeuke bila kuzivuta.

Kabla ya kurudisha fyuzi, alimfundisha jambo ambalo motari yeyote anaweza kulifanya bila kipimo. Alichukua taa ya zamani ya breki, ya volti 12, akaifunga nyaya mbili na kuiweka mahali pa fyuzi. Akafungua kontakti, taa nyingine zote zimezimwa. Taa hiyo ikiwaka kwa nguvu zote, umeme unavuja mahali fulani. Hapo unatikisa nyaya kidogokidogo, unageuza usukani, unainua kiti. Pale taa inapofifia ghafla, ndipo penye ugonjwa. Unatafuta bila kuunguza fyuzi hata moja.

Pikipiki ikikataa kuwaka na fyuzi ni nzima, mzee alisema, uanze na vitu vya bure. Angalia kama swichi ya kuzima injini haikuguswa. Kaza vichwa vya batri, ukwangue ule unga mweupe. Fuata waya wa masi hadi unapofungwa kwenye chuma, usugue kutu. Fungua viungo vya nyaya chini ya kiti, hasa kisha ya mvua, uvikaushe. Halafu toa buji, irudishe kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu la buji, upige kiki: cheche ya buluu yenye nguvu inaonyesha umeme unafika. Mwenye kipimo apime batri injini ikiwa imezimwa: ikijaa, inafika karibu volti 12.6. Injini ikizunguka kwa kasi, ipande karibu 14. Isipopanda, batri haijazwi. Ikipita 15, regulata imeharibika, nayo itapika batri na kuunguza taa.

Kazi ilichukua siku nzima. Motari alilipa nusu, nusu nyingine aliileta siku ya posho. Ilikuwa pesa nyingi kuliko fyuzi kumi. Mtu aliyepoteza vingi anapenda lile linalomaliza shida leo, na hakuna wa kumcheka kwa hilo. Lakini pikipiki ikiungua, jamaa ile inakimbia mara ya pili, na safari hii bila kitu.

Wiki sita baadaye, yule mama alikuja na mtoto mgongoni, siku ya chanjo. Alisimama kando ya pikipiki bila kupanda.

"Papa, iko salama?"

Motari hakujibu kwa mdomo. Alifungua kiti, akamwonyesha fyuzi: nzima, ya ampere 10, bila karatasi. Pembeni yake, ndani ya kifuko cha plastiki, kulikuwa na nyingine mbili za akiba na ile taa ya breki yenye nyaya zake. Mama akaangalia, akamkaza mtoto mgongoni, akapanda.