Cherehani Yenye Magurudumu

Nyumbani kwetu Buruburu gari lilinunuliwa kwa sababu ya magoti ya mama. Kliniki ni mara mbili kwa juma, na matatu za Barabara ya Jogoo hazimsubiri mtu mzima apande taratibu. Sisi dada watatu na wifi yetu tulichanga akiba zetu, tukanunua Vitz iliyotumika kwa fedha taslimu, bila ya mkopo wa riba. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 996, yenye silinda tatu.

Mjomba alipokuja kulitazama alicheka. "Wanangu, hii ni cherehani mliyoitia magurudumu."

Hatukatai, linatikisika. Katika msongamano wa Donholm, kiyoyozi kikiwashwa, usukani hutetemeka mikononi. Yupo fundi aliyelisikiliza dakika moja tu akahukumu kuwa silinda moja imekufa. Tununue plagi nne na koili nne. Fedha alizotaja zilitosha kliniki za mama za mwezi mzima. Wifi yetu, mwalimu wa hesabu, alifunua boneti akahesabu kwa kidole: koili tatu. "Ya nne utaifunga wapi, fundi?" Fundi akakumbuka kuwa lipo gari jingine linalomngoja.

Mtikisiko ule ni maumbile ya injini. Mhimili wake huzunguka mara mbili ndipo kila silinda iwake mara moja. Zikiwa nne, mwako huja kila nusu mzunguko. Zikiwa tatu, hungoja theluthi mbili, na pengo hilo mkono hulihisi gari likiwa limesimama. Tena pistoni ya mbele na ya nyuma hazipandi pamoja, kwa hiyo injini huyumba, na raba zinazoishikilia ndizo zinazomeza mtikisiko huo. Zikichakaa, cherehani husikika hadi kwa jirani. Hizo zikaguliwe kwanza. Silinda iliyokufa kweli ina dalili zake: taa ya injini huwaka, na gari hukosa nguvu hata ukikanyaga mafuta.

Kwa safari za mtaani hatuna la kulilaumu. Vyuma visuguanavyo ni vichache, na petroli hukaa. (Anayetaka silinda nne aulize kabla ya kulipa, kwani zipo Vitz za 1300, na jina ni hilo hilo.)

Barabara ya Mombasa ina hesabu yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ndogo isiyo na turbo hupungukiwa nguvu. Kushuka Pwani ni raha. Kurudi, watu watano na magunia ya nazi, kuanzia Mtito Andei malori hayapitiki kwa urahisi, na kulipita lori kwa pupa kumezimaliza familia nyingi.

Idd hii, inshallah, mama na watoto watapanda treni. Gari litabeba watu watatu, na nazi chache.