Kando ya Kitanda cha Mzazi

Nilianza kazi ya uuguzi na ukunga mkoani Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikapangiwa wodi ya wazazi. Wakati ule mtoto akishazaliwa alifutwa, akavishwa, akapelekwa chumba cha watoto ili mama apumzike. Akilia, alipewa maji ya glukosi kwa kijiko. Yale maziwa ya kwanza, mazito ya njano, yaitwayo dang'a, bibi wengi waliagiza yakamuliwe na kumwagwa, wakiamini ni uchafu uliolala titini miezi yote ya mimba.

Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walianzisha mpango wa Hospitali Rafiki kwa Mtoto, wenye hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji. Mafunzo yake yalipotufikia, wodi ilibadilika. Mtoto aliwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akanyonya ndani ya saa ya kwanza, kisha akabaki na mama yake mchana na usiku. Dang'a tukaiita chanjo ya kwanza, kwa kuwa imejaa kinga. Mama naye alifaidika, maana mtoto anaponyonya, mji wa mimba hujikaza na damu hupungua.

Tulibandika mabango, tukatoa elimu ya afya kila asubuhi. Hata hivyo, wazazi walirudi siku chache baada ya kuruhusiwa, chuchu zimechanika, wengine wakilia: "Sista, sina maziwa." Hapo ndipo kazi yangu hasa ilipoanza. Nilivuta kiti, nikamtazama mama akinyonyesha kabla sijasema lolote. Mara nyingi mtoto alikuwa ameshika ncha ya chuchu tu. Nilimsaidia mama aegemee vizuri, amgeuze mtoto tumbo kwa tumbo, asubiri afungue mdomo wazi ndipo amvute kwake, kidevu kiguse titi na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie mdomoni. Maumivu yakipungua, mabega ya mama yalishuka, na maziwa yalianza kutiririka.

Kisha nilimweleza kwamba titi hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akipewa maji au uji, hunyonya kidogo, na hapo maziwa hupungua kweli. Mtoto aliyepita siku tano, anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, huyo anashiba.

Mama hanyonyeshi peke yake, kwa hiyo nilizungumza na nyumba nzima. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuja na chupa ya maji ya uvuguvugu.

"Mwanangu, kwa joto hili la Tanga mtoto ana kiu," aliniambia.

"Ni kweli bibi, kuna joto. Lakini maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Akinyonya, amekwisha kunywa."

Nilimwomba awe yeye wa kumpikia mkwewe supu na kumpokea kazi, ili mkwe apate nafasi ya kunyonyesha. Alikubali, na wodini akawa ndiye anayewakataza wengine kutoa maji. Wanandoa waliogopa pia kumbemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa kukutana kimwili angali ananyonya. Niliwaketisha mume na mke pamoja, nikawaambia kwamba tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine, na chakula haba. Kwa hiyo tulizungumzia uzazi wa mpango.

Miaka ya Ukimwi ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mama mwenye virusi aliogopa ziwa lake mwenyewe, na wengi walichanganya maziwa ya kopo na ya kwao ili majirani wasishuku. Utafiti uliofanyika Durban na kutolewa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kuchanganya huko kulikuwa na hatari kubwa zaidi ya kumwambukiza mtoto kuliko kumpa maziwa ya mama pekee. Kuanzia mwaka 2013, Tanzania ilipoanza kuwapa dawa za kudumu wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi, niliweza kumwambia mama bila kusita: meza dawa zako kila siku, mpe mtoto dawa zake, mnyonyeshe.

Wafanyakazi wa viwandani na ofisini niliwafundisha kukamua kwa mkono kwenye chombo safi chenye mfuniko, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Kwa joto letu la pwani nilisisitiza maziwa yasikae zaidi ya saa nne nje ya friji. Niliwaeleza pia haki yao: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua watoto zaidi ya mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku wakati wa kazi. Wengi hawakuwahi kuzisikia saa hizo.

Sasa nimestaafu, na kina mama bado wananifuata nyumbani. Wewe mjamzito, uliza mambo haya kliniki kabla ya uchungu kuanza. Baba, beba maji, fua nepi, mlinde mkeo na maneno ya kumvunja moyo. Nanyi wauguzi wenzangu mnaoshika zamu leo, msimwambie mzazi "nyonyesha" mkapita. Vuteni kiti, mkae naye mpaka mtoto ashike ziwa.