2300 ya nani?

Leo tuache siasa kidogo, ndugu msomaji. Nataka tuzungumzie mstari mmoja wa programu. Usikimbie. Hata kama hujawahi kuandika programu maishani mwako utanielewa.

Ofisini kwetu kuna kiprogramu cha Python tulichoachiwa na mwenzetu aliyehamia kwingine. Kazi yake ni kugeuza dola kuwa shilingi tunapoandika habari za mikopo na misaada. Kiini chake ni hiki:

def geuza(dola, kiwango=2300):
    return dola * kiwango

Hiyo 2300 ni thamani iliyowekwa tayari. Usipotaja kiwango, programu inajijazia yenyewe. Ni kama chai ya Nairobi: ukiagiza chai tu, inakuja na maziwa. Ukitaka turungi, useme.

Kwenye chai sina ugomvi. Ila 2300 ilikuwa kweli mwaka 2019, na dola haikukaa hapo kutusubiri. Mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,600. Sasa chukua mkopo wa dola milioni 100 wa mwaka huo, upige hesabu kwa kiwango cha zamani: shilingi bilioni 30 zimeyeyuka, na hakuna fisadi aliyezigusa! Programu haikohoi wala haipigi chafya. Inakupa jibu safi, unalibandika kwenye habari, mhariri anapitisha.

Kuna kituko kingine. Ukisoma tarakimu kutoka kwenye faili, mara nyingi Python inazipokea kama maandishi, si namba. Ukiipa fanksheni hii "5" ya maandishi, haizidishi. Inakuandikia tano 2300 mfululizo, skrini nzima tano tupu. Mimi kosa hili nalipenda, maana linajitangaza lenyewe.

Dawa yake ipo. Tangu Python 3.5 ya mwaka 2015 kuna utaratibu rasmi wa kutaja aina ya kila kitu kinachoingia: dola: float, yaani hapa nataka namba. Ila Python yenyewe hailindi agizo hilo. Ni kama yale maandishi ya ukutani, "USIKOJOE HAPA". Yanasomeka vizuri, na watu wanakojoa. Askari ni programu nyingine, kama mypy iliyoanzishwa na Jukka Lehtosalo, inayokagua msimbo kabla haujaendeshwa. Huyo "5" wa maandishi atamkamata.

Lakini 2300 hamkamati. Kwake 2300 ni namba halali kabisa, karatasi zake zote zimekamilika. Askari anajua hii ni namba. Hajui ni ya mwaka gani.

Kwa hiyo nimeifuta. Mstari sasa unasomeka hivi:

def geuza(dola: float, kiwango: float, desimali: int = 0) -> float:

Asiyetaja kiwango, programu inagoma papo hapo. Wenzangu wananung'unika kwamba nimewaongezea kazi, na ni kweli nimewaongezea: kazi ya kufungua tovuti ya Benki Kuu na kusoma kiwango cha siku husika. Dakika mbili hivi, intaneti ikiwa na huruma.

Thamani ya tayari niliyoibakiza ni moja, hiyo sifuri ya desimali. Senti siku hizi nani anaziulizia?