Ubishi wa Namba za Mgongoni

Namba ni kitu kisicho na damu wala nasaba. Haina mama wala mji, haifurahi wala hailii. Mtu akitaka kuhesabu mbuzi wake au magunia yake huiita, na kazi ikiisha huiacha. Walakini iko nchi ambako namba hupendwa kama jina la mtoto na kulindwa kama wosia wa marehemu, hata watu wazima wenye akili timamu huweza kukesha wakiigombania. Nchi hiyo ni Marekani, na wagombanao ni wapenzi wa mpira wa vyuo vikuu.

Mpira usemwao hapa si kandanda. Ni mchezo wa Kimarekani ambao mpira wake una umbo la yai, huchukuliwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu, na uwanja wake hupimwa kwa yadi. Kila upande huingiza watu 11, na upande wenye mpira hujitahidi kuusogeza yadi kwa yadi mpaka uvuke mstari wa goli la wapinzani. Vyuo hucheza mchezo huu siku za Jumamosi majira ya majani kupukutika. Kisha viwanja hunyamaza kwa miezi mingi. Katika miezi hiyo ya ukimya ndipo ubishi hustawi. Mmoja hutaja namba, tuseme 20 au 77, akauliza: katika wote waliopata kuivaa chuoni, nani alikuwa bora? Wakianza na 0 hawatui mpaka 99, na wakifika 99 huona afadhali warudie, maana ni chache mno zilizopata hukumu ya wote.

Asili ya namba hizi ni nyonge. Hapo kale wachezaji hawakuwa nazo, na mtazamaji aliyeketi mbali hakuweza kumtambua aliyekimbia wala aliyeanguka. Ziliwekwa ili zimsaidie mtazamaji huyo, na tangu mwaka 1937 sheria ilitaka ziandikwe kifuani na mgongoni. Aghalabu mchezaji hakuchagua namba yake. Red Grange wa Chuo Kikuu cha Illinois alieleza kuwa alipata 77 kwa sababu mtu wa mbele yake katika mstari alipewa 76 na wa nyuma yake akapewa 78. Siku ile 77 ilikuwa kitambaa tu. Tarehe 18 Oktoba 1924, katika dakika 12 za kwanza za mchezo dhidi ya Michigan, Grange aliuvusha mpira mstari wa goli mara 4, na kitambaa kikawa bendera. Chuo chake kiliiweka namba hiyo kando, asiivae mtu mwingine.

Ubishi una kanuni zake, ijapokuwa hazikuandikwa. Ya kwanza inajulikana tangu zamani pwani ya Afrika kama inavyojulikana Marekani: kila mwamba ngoma huvutia kwake. Litajwe swali la namba 34. Mtu wa Georgia humtaja Herschel Walker, ambaye mwaka 1980, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikisaidia chuo chake kupata ubingwa wa taifa. Akapewa Tuzo ya Heisman, iliyo taji kuu la wachezaji wa vyuo, mwaka 1982. Na kwa misimu 3 alikimbia jumla ya yadi 5,259. Jirani yake wa Alabama hutabasamu akamtaja Bo Jackson wa Auburn, aliyepata tuzo hiyo mwaka 1985. Jackson alikimbia yadi 4,303 tu, lakini kila aliposhika mpira na kukimbia alipata wastani wa yadi 6.6, nao wastani huo unampita Walker. Wa Georgia hushika jumla, wa Alabama hushika wastani. Hapo mtu wa Texas ambaye hakuulizwa huingia na Ricky Williams, mshindi wa mwaka 1998, mwenye yadi 6,279. Hapana anayesema uongo. Kila mmoja amechagua kipimo baada ya kujua nani atashinda kwacho.

Mambo huzidi kuwa magumu namba ikiwa imevaliwa na watu wa kazi mbalimbali. Charles Woodson wa Michigan, aliyepata tuzo mwaka 1997, alivaa 2, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwazuia wapinzani. Cam Newton wa Auburn, mshindi wa mwaka 2010, na Johnny Manziel wa Texas A&M, mshindi wa mwaka 2012, walivaa 2 wakirusha mpira na kukimbia nao. Derrick Henry wa Alabama, mshindi wa mwaka 2015, alivaa 2 akiwa mkimbiaji. Kuwaweka wanne hawa katika mizani moja ni kupima nguo kwa pishi na mchele kwa dhiraa. Hata hivyo wapenzi hupima, na hukasirika mtu akiwaambia kuwa haiwezekani.

Wapo wanaodhani kuwa takwimu zitaumaliza ugomvi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Wamarekani wameshika daftari kwa bidii kubwa. Lakini daftari lenyewe limebadilika kwa wakati. Kwa miaka mingi kabla ya 1972 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo chake, kwa hiyo mtu wa zamani alikuwa na misimu 3 ambapo wa leo aweza kuwa na 4 au zaidi. Msimu wenyewe ulikuwa mfupi. Tena kabla ya mwaka 2002 yadi zilizopatikana katika ile michezo mikubwa ya mwisho, ichezwayo baada ya msimu wa kawaida, hazikutiwa katika hesabu rasmi. Kijana asomaye safu mbili za tarakimu na kutoa hukumu hulinganisha mzigo wa punda na mzigo wa lori, akamlaumu punda kwa uvivu.

Haya yote yangekuwa mchezo wa maneno tu kama si namba 44 ya Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York. Hapo ubishi huacha kuwa mzaha.

Jim Brown aliivaa namba hiyo kuanzia 1954 mpaka 1956. Aliingia chuoni bila ufadhili wa mchezo, akajitengenezea nafasi kwa nguvu zake. Katika msimu wake wa mwisho alikimbia yadi 986 katika michezo 8, na siku ya kucheza na Colgate alipata pointi 43 peke yake. Tuzo ya mwaka ule ilikwenda kwa Paul Hornung wa Notre Dame, ambaye timu yake ilishinda michezo 2 tu katika 10. Brown aliwekwa wa tano. Alikuwa Mmarekani Mweusi, na mpaka mwaka ule hapana Mmarekani Mweusi aliyepata kupewa tuzo hiyo. Wanaomtetea Brown hawasahau jambo hili, nao wana haki ya kutosahau.

Ernie Davis, kijana aliyekulia mji wa Elmira, aliivaa 44 baada yake, toka 1959 mpaka 1961. Katika msimu wake wa kwanza Syracuse ilipata ubingwa wa taifa. Tarehe 1 Januari 1960 iliishinda Texas kwa 23 kwa 14 mjini Dallas, mji uliokuwa wakati ule chini ya ubaguzi wa rangi, na Davis alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa siku. Mwaka 1961 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Heisman. Vilabu vya kulipwa vilipochagua vijana kutoka vyuoni, alichaguliwa wa kwanza kuliko wote, na haki ya kumchukua ikaishia kwa Cleveland, kilabu alichochezea Brown. Watu walingoja kuwaona wawili hao bega kwa bega. Hawakuwaona. Ilidhihirika kuwa Davis alikuwa na saratani ya damu, na tarehe 18 Mei 1963 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 23. Cleveland ilikuwa imemwekea namba 45. Iliistaafisha, yaani iliazimia kuwa haitavaliwa tena, ijapokuwa hakuichezea mchezo hata mmoja.

Wa tatu ni Floyd Little. Mwenyewe alisimulia kuwa Davis alimwendea kumshawishi aende Syracuse, na kwamba habari ya kifo ndiyo iliyomkatia shauri. Alicheza toka 1964 mpaka 1966, na kila msimu alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa taifa.

Basi nani alikuwa bora? Yadi za Brown ni 2,091, za Davis ni 2,386, za Little ni 2,704. Kwa tarakimu, kila aliyekuja alimpita aliyetangulia, na mshindi ni Little. Kwa taji, mshindi ni Davis. Kwa kutisha wapinzani, wengi waliomwona Brown hawataki kusikia jina jingine. Mara nyingi mtetezi wa Brown huongeza mambo aliyoyafanya Cleveland kwa misimu 9, ambako alihesabiwa miongoni mwa wakimbiaji wakubwa kuliko wote waliopata kuishi. Papo hapo wenziwe humkatiza. Kanuni hairuhusu. Ubishi huu ni wa vyuo, na yaliyotendeka baada ya chuo hayaingii mizanini.

Mgeni huiona kanuni hiyo kuwa ndogo na ya ukaidi. Kwa nini kufunga macho usione nusu ya maisha ya mtu? Lakini kanuni hiyo, iliyowekwa bila kukusudia wema wowote, imebeba haki kubwa. Nje ya mlango wa chuo Davis hana kitu: hana yadi moja, hana mchezo mmoja, ana namba tu ambayo hakuitumia. Katika daftari la wachezaji wa kulipwa amekuwa nafasi tupu. Ndani ya ubishi wa vyuo ni mtu kamili. Anasimama na Brown na Little kimo kwa kimo, wala hapana awezaye kumwambia kuwa maisha yake yalikatika kabla ya kuiva, kwa kuwa hapa hupimwa yale tu ambayo wote watatu walipewa nafasi ya kuyamaliza. Chema hakidumu, husema wahenga. Katika pembe hii moja ya maneno ya watu, kinadumu sawa na kingine chochote.

Naye si peke yake aliyehifadhiwa na kanuni hii. Nile Kinnick wa Iowa, namba 24, alipata Tuzo ya Heisman mwaka 1939, akaacha mpira na kwenda kusoma sheria, kisha akawa rubani wa jeshi la majini. Mwaka 1943, katika safari ya mazoezi karibu na pwani ya Venezuela, ndege yake ilianguka baharini. Alikuwa na miaka 24. Chucky Mullins wa Chuo Kikuu cha Mississippi, namba 38, hakuwa na taji wala tarakimu za kutisha. Mwaka 1989, alipomkabili mpinzani katika mchezo, alivunjika shingo akapooza, na mwaka 1991 akafariki. Ulizia 38 chuoni pale uone kama litatajwa jina jingine kwanza. Baada ya msiba ule chuo kilianza kuitoa namba yake kwa mlinzi aliyechaguliwa kwa moyo wake, ili ivaliwe kwa ukumbusho.

Hapo huzuka swali la pili, nalo ni zito kama la kwanza: namba ya mtu aliyependwa ifungwe kabatini au irithiwe? Syracuse iliirithisha 44 kwa miaka mingi baada ya Little, hata tarakimu hizo mbili zikaingia katika anwani ya posta ya chuo, 13244. Mwaka 2005 chuo kiliistaafisha. Waliofurahi walisema hapana kijana anayestahili kutwishwa mzigo wa watu watatu kama wale. Waliohuzunika walijibu kwamba Davis mwenyewe aliipokea kutoka kwa mtu aliyeonekana hana mfano, na kwamba kama ingalifungwa mwaka 1956 kwa heshima ya Brown, pasingalikuwa na 44 ya kubishania. Hoja hii ya pili ina nguvu. Urithi usiopokewa na mtu huwa kumbukumbu ya mmoja tu.

Siku hizi ubishi umepata matata mapya. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, jambo walilonyimwa watangulizi wao walioijaza mifuko ya wengine. Na imekuwa rahisi zaidi kuhama kutoka chuo hadi chuo. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao sasa kwaweza kuwa mahali patatu katika miaka minne, kwa namba tatu tofauti. Wazee hulalamika kuwa mambo yameharibika. Huenda wanalilia uthabiti ambao sehemu yake ilitokana na kijana kutokuwa na hiari.

Little alifariki tarehe 1 Januari 2021. Brown alimfuata tarehe 18 Mei 2023, miaka 60 kamili, siku kwa siku, tangu alipofariki Davis. Wote watatu sasa hawawezi kuulizwa wala kujitetea, na kila mwaka hupungua wale waliowaona kwa macho yao. Vijana waliozaliwa baada ya 2005, ambao hawakuwahi kuona 44 ya Syracuse uwanjani kabla ya kufungwa, hujifunza majina hayo kwa kusikia wakubwa wao wakibishana. Siku wakikubaliana kuwa bora ni mmoja, watakuwa na sababu ya kumtaja huyo peke yake. Kwa kuwa hawajakubaliana, mtetezi wa Brown hulazimika kumjua Davis vizuri ili amshinde, na mtetezi wa Davis hulazimika kumjua Little. Ubishi ukianza, watatu wote huitwa.